Chokaa kwenye Bolti

Kombani, Jumanne, Mfungo Pili, 1964

Oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi mara tu ikibadilishwa. Hamisi, ndugu yangu, alilijua hilo. Ndiyo maana aliponiambia wiki iliyopita ameibadilisha kwenye mashine yetu ya kusaga, rangi haikumfichua.

Lakini tulipopaka kibanda chokaa kabla ya Idi, ilirukia bolti ya chini, ile inayofunguliwa kumwaga oili chafu. Leo nikifagia nimeinama nikaiona. Chokaa imeganda juu yake vile vile, haijaguswa na spana!

Fundi alituonya tubadilishe kila mwezi. Injini imeanza kugonga, na wanangu wanakula kwa mashine hiyo.

Nimemuuliza tena jioni.

"Dada, naapa kwa kaburi la mama, nimebadilisha."

La mama. Kana kwamba alimzaa yeye peke yake.