Kamiyo Yenye Haikuibiwa

Kwako Yaya, mutoto wa kwanza wa mama yetu, weye mwenye uko Ariwara na telefone yenye haijibu,

Nimepiga wiki muzima. Inalia, inalia, unakata. Basi ninakuandikia, na batu batasoma hii barua mbele yako, juu miye mwenyewe nimebapa. Kasirika. Miye pia niko na kasirani.

Unakumbuka depo yetu ya Bunia wakati wa vita? Weye ulikuwa patron, miye mudogo wako kontable, juu nilimaliza sekondari na nilijua kupanga hesabu. Kusema kweli nilikupenda. Siku bunduki zililia karibu, ulinilalia chini ya meza, ukaniambia: "Mudogo, kama ni kufa, nitatangulia, tumbo yangu ndiyo kubwa." Tulicheka na ile woga yote. Na ile ndiyo inanichoma. Mutu mwenye alinifunika na mwili yake ndiye alinifundisha kuiba.

Bamama ba soko balitupatia magunia ya maharagi tupeleke Komanda na kamiyo yetu, ile lori ya depo, turudishe mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese. Mumoja wao, Mama Dorcas, alitia yote yenye alikuwa nayo. Kamiyo ilifika salama. Tuliuza muzuri kabisa. Nani alitugusa? Hakuna. Mafuta tukaficha kwa rafiki yako kulekule, tukarudi na kamiyo mutupu, na kioo ulivunja weye mwenyewe na jiwe.

Mu depo ukaniambia: "Andika yote ku perte, ni hasara: babandi balituibia ku bariere, pale banafungaka njia."

"Na bamama, Yaya?"

"Bamama banajua iko vita. Nani atakwenda kuuliza ku bariere? Weye utakwenda?"

Nikaandika. Nilijiambia vita inakula kila mutu, juu ya nini siye tubaki na njaa? Nilijiambia tutabarudishia kisha vita. Uongo ya namna ile inakuwa tamu, juu iko na ahadi ndani. Na nilisimulia ile bariere mara mingi mpaka nikaanza kuona sura za babandi na kubachukia, batu benye hata habakuzaliwa!

Kisha bamama bakakuja. Unajua vile tulikuwa tunafanya: mutu ameibiwa mu njia, banakuja kukaa naye chini kama kwa matanga. Bale tuliibia bakatuletea unga na sombe ya majani ya muhogo, bakatuambia pole! Na weye ukakula. Ukaomba baongeze sombe! Miye pia nilikula, siwezi kujificha nyuma ya sahani yako.

Pale mu mukeka Mama Dorcas akakuuliza: "Patron, ni banani? Ni bale ba kabila ya Véro?"

Véro, mwenye alikuwa anauza naye ku meza moja, mwenye alimuzalisha Mama Dorcas mutoto wake wa mwisho siku njia ya hospitali ilifungwa. Nilikuangalia. Ungesema haukuona sura, basi. Ukapanguza mudomo. "Ni balebale, Mama. Nilisikia luga yao."

Nani alikulazimisha? Hesabu ilikuwa imekwisha kufungwa! Lakini perte inaomba mwizi, na mu Bunia ya siku zile mwizi alichaguliwa kwa kabila. Batu balikufa juu ya neno kama ile, Yaya. Na miye, kontable, nikatingisha kichwa: ndiyo, ni bale.

Sasa sikia. Nimeuzisha kiwanja yangu, nikamupelekea Mama Dorcas franga yake. Amezeeka, ako mugonjwa. Nikamwambia yote. Franga hakuiangalia.

"Basi haikukuwa ba kwao Véro?"

"Hapana, Mama. Hakukuwa mutu."

Kisha akasema: "Véro alikuja kupiga ku mulango yangu na batoto, mu mvua. Balikuwa banafuatwa. Nilikuwa ndani. Nilimwambia: kwenda kuomba ndugu zako maharagi yangu." Toka siku ile hakumuona tena, wala habari yake. Akasukuma franga mbele yangu. "Ya maharagi umelipa. Ya Véro mutalipa na nini, weye na patron wako?"

Weye uko na jibu? Ku kanisa yako kule banakuita muzee, banakupa kitunga ya sadaka ushike. Unashikaka na mukono gani?

Usitume franga na mutu. Kuja weye mwenyewe, ukae chini mbele yake, useme na kinywa yako: nilidanganya, hakukuwa kabila yoyote. Nitakaa kando yako, juu nilitingisha kichwa. Lakini ile neno ni yako, siwezi kukusemea. Na mama ule hatatungoja sana.

Lala vibaya, Yaya, mpaka siku utafika.

Miye,
mudogo wako