Amekujibu Nini Leo?

Filbert, nimeharibu! Lori la kahawa litakalobeba barua hii linateremka kwenda Himo sasa hivi, nakuandikia nikiwa nimesimama.

Leo nilikuwa nawafundisha wanaojiandaa kwa ubatizo. Nikasema kama kawaida, "Mungu hujibu kila tunapomwita." Mama Manka, yule mjane anayeishi nyuma ya migomba yetu, akasimama akauliza, "Mwalimu, wewe leo amekujibu nini?"

Amekujibu nini! Mbele ya watu ishirini!

Hali yangu unaijua wewe peke yako. Tangu Kwaresima ya mwaka jana nasali na moyo ni mkavu kabisa. Kuondoka siwezi: nyumba ni ya misheni, watoto wanasoma misheni. Kubaki nako ni kusema uongo kila asubuhi.

Nikajikuta nimesema, "Hajanijibu. Sasa ni zaidi ya mwaka."

Nikajua nimekwisha, Padri akisikia atanifukuza.

Mara Mama Manka akaanza kulia. "Miaka mitatu nakaa darasani hapa, sisikii kitu. Leo nilikuja kuaga. Nilidhani Mungu amenikataa mimi peke yangu. Kumbe hata mwalimu anangoja? Basi nami nitangoja."

Akaketi tena kwenye benchi, akapangusa uso. "Endelea, Mwalimu."

Nikaendelea. Usidhani moyo umefunguka, ndugu yangu. Ni mkavu vilevile, na Padri bado hajasikia. Dereva anapiga honi. Niombee, maana kesho alfajiri nitapiga magoti tena, nimngoje.

Melkior, Marangu, 1951