Bangi ya Cape Town, Kesi ya Johannesburg

Jeppestown, Johannesburg, 12 Juni 2017

Baba Chloé,

Pokea salamu zangu na za mtoto. Chloé ni mzima, meno ya mbele yaliyong'oka yameota tena, anaongea Kizulu tu siku hizi. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haijatulia. Wewe unaendeleaje na baridi ya huko?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tungegombana nisimalize. Alhamisi polisi walikuja kwenye jengo letu kutafuta mali ya wizi. Chumbani kwetu hawakuona cha wizi. Waliona koti ulilolisahau ulipokuja Pasaka, na mfukoni bangi imefungwa kwenye gazeti. Nikawaambia yale niliyokusikia ukisema, kwamba mahakama imeruhusu mtu avute nyumbani kwake. Polisi mmoja akacheka. "Hiyo ni mahakama ya Cape Town, mama. Hapa ni mkoa wa Gauteng."

Nililala selo ya polisi. Chloé alibaki kwa Olive, jirani yetu Mrundi. Asubuhi wakaniletea karatasi: nikubali kosa, nilipe faini kidogo, niende zangu. Sikusaini. Hakimu ameniachia mpaka 24 Julai.

Waliniuliza bangi ni ya nani. Sikukutaja.

Mke wako,
Mama Chloé


Cape Town, 19 Juni 2017

Mama Chloé wangu,

Mimi ni mzima, labda mgongo tu, kazi ya mbao unaijua. Nimefurahi kusikia meno ya mtoto. Mengine niliyasoma nimesimama, nikayasoma tena nimekaa.

Eish, sikujua kwamba nchi moja inaweza kuwa na ruhusa huku na pingu kule. Hapa tangu majaji waseme vile, watu wanavuta majumbani mwao bila hofu, hata tajiri wangu wa karakana. Nilidhani ni hivyo kila mahali.

Nakuomba usaini. Faini nitaituma. Nikija kusema bangi ni yangu, naweza kunyang'anywa karatasi ya ukimbizi, na nikirudishwa kwetu Uvira, Kongo, unawajua wanaonisubiri. Saini, mambo yaishe, ulee mtoto.

Nisamehe.

Mume wako,
Gradi


Jeppestown, 29 Juni 2017

Baba Chloé,

Tunapumua, Mungu asifiwe. Natumaini mgongo umepoa.

Sisaini. Mwaka jana Olive alisaini karatasi kama hiyo, kwa kosa la kuuza nyanya kando ya barabara. Akadhani yameisha. Juzi ameomba kazi ya usafi kwenye shule moja, wakachukua alama za vidole, jina lake likarudi kama la mhalifu. Kazi hakupata. Mimi nataka siku moja niache kusuka kwenye saluni ya watu, nifungue yangu, na sitaki mtu akute jina la mama yake Chloé mahali pa namna hiyo.

Nimepata avoka, wakili wa bure wa kunitetea, mama mmoja mwenye sauti ndogo, ila hakatishwi maneno na mtu. Nilimuuliza, "Jaji wa mkoa mmoja anaweza kufuta sheria ya nchi nzima?" Akasema, "Anaweza kusema ni mbovu. Lakini haifi mpaka Mahakama ya Katiba ikubali." Na Mahakama ya Katiba iko hapahapa Johannesburg, kule kilimani, naweza kwenda kwa miguu! Basi nitasubiri iseme.

Jina lako silitaji. Lakini usiniambie tena nisaini. Mimi sivuti, sijawahi kuvuta. Nikisaini nitakuwa nimedanganya mahakama ili wewe ulale vizuri.

Mke wako,
Mama Chloé


Cape Town, 6 Agosti 2017

Mama Chloé,

Nimefika salama, ingawa basi lilituharibikia njiani. Natumaini nimewaacha wazima.

Siku ile ya kesi yako, pale mlangoni mwa mahakama niliuona mdomo wako ukisema "Rudi!" Sikurudi. Walipoita jina lako nikasimama nikasema koti ni langu, na kilichokuwa mfukoni ni changu. Mkalimani hakutafsiri mara moja. Alinitazama kwanza, kama mtu anayeniuliza una hakika? Nikarudia kwa Kiingereza changu kibovu ili asiwe na la kufanya.

Sasa wewe uko huru na kesi ni yangu. Nashukuru wametoa dhamana. Avoka wako ameomba isogezwe mpaka Mahakama ya Katiba iseme. Kila wakiniita nitapanda basi. Tajiri ananuna kwa hizi ruhusa. Akinifukuza, anifukuze.

Tulipokuwa pamoja sikuweza kukwambia. Niliposoma yale uliyoandika juu ya kulala kwangu, usingizi ulikatika. Nilikuja kwa sababu hiyo.

Mume wako,
Gradi


Jeppestown, 11 Oktoba 2018

Baba Chloé,

Tumekuzoea kuwa mgeni wa siku za mahakama, unalala nyumbani siku mbili halafu unapotea, ndiyo maana hatujaandikiana muda huu wote. Sisi ni wazima. Wewe je, na hiyo kazi mpya ya kupakia matunda?

Septemba nilikuwa namsuka mteja, redio ikasema Mahakama ya Katiba imekata shauri. Nchi nzima, si Cape Town tu: mtu mzima, faraghani kwake, kwa matumizi yake mwenyewe, si kosa tena. Kuuza bado ni kosa. Sikukupigia, niliogopa kufurahi mapema. Leo avoka amepiga simu: mashtaka yako yameondolewa, usije tena mahakamani. Nilipiga kelele saluni nzima. Mteja amenifokea, kichwa chake kilikuwa nusu.

Sasa njoo na mizigo yako yote. Salum, yule Mtanzania mwenye karakana ya vitanda, anatafuta fundi seremala. Nimeshaongea naye.

Jambo moja tu. Mahakama ya Katiba imekuruhusu, mimi sijakuruhusu. Chumba ni kimoja na mtoto analala humo. Nilisimama mbele ya hakimu kwa ajili ya bangi ambayo si yangu. Sitaki kuinusa tena, iwe halali au haramu.

Ukikubali, usinijibu kwa barua. Panda basi.

Mke wako,
Mama Chloé