Uma wa Mama na Wontoni za Ijumaa

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada yangu mkubwa,

Hujambo huko uliko? Kifua kimekuacha, au bado unalala umejifunga kitambaa shingoni? Na Mama Mdogo aliyekupokea kwake, miguu yake inaendeleaje? Mwambie asisimame sana jikoni wakati wewe upo. Sisi huku ni wazima. Mafua yalinipitia mwanzoni mwa mwezi, yakakaa kidogo, yakaenda zake.

Ndoa ni tamu, Dada. Sijui kwa nini watu wakiizungumzia huguna kwanza. Mume wangu huamka kabla yangu akanichemshia maji ya kuoga, kisha hutumbukiza kiwiko kupima joto, kama mtu anayetaka kuogesha mtoto mchanga. Akirudi kutoka kwenye mafriji ya watu, mikono yake huwa ya baridi kama chuma, na hunishika nayo shingoni makusudi ili nipige kelele. Kazini pale mapokezi wagonjwa wa meno wanaingia wameshika mashavu, wananikuta natabasamu peke yangu. Daktari ameshaniomba nipunguze, wasije wakadhani tunawacheka.

Jiko letu ni dogo kiasi kwamba mmoja akifungua kabati, mwenzake lazima arudi nyuma. Hatujaona hasara yoyote katika hilo. Pazia ulilotushonea limekaa vizuri dirishani, ingawa sasa lina madoa ya mafuta upande mmoja, na habari ya madoa hayo ndiyo iliyonikalisha mezani leo.

Nilitaka kukuandikia barua ya furaha tupu. Furaha yenyewe ni hiyo uliyokwisha kuisoma.

Unazikumbuka wontoni? Nakuuliza kama vile hunijui wala sikujui. Huyu mume wangu alipokuja kututengenezea friji nyumbani, ukiwa ni wewe uliyemwita, sikumtazama mara mbili. Wiki iliyofuata nikamkuta amenisubiri nje ya zahanati, ameshika kopo la bati lililozungushiwa taulo. Ndani yake mlikuwa na wontoni za kukaanga, vile vifuko vya unga vya Kichina, bado zina joto, zimeshiba kamba na kaa, zikivunjika mdomoni kama karatasi kavu. Akasema amezikunja kwa mkono wake, alifundishwa na mpishi wa hoteli moja alipokuwa akimtengenezea friza. Basi ikawa kila Ijumaa. Kingo zake zilikuwa na alama za kubonyezwa, zilizofifia kwa malengelenge ya mafuta. Nilipomuuliza alisema ni ukucha wake. Nikaushika ule ukucha nikaubusu, hapohapo barabarani, watu wakipita.

Kila Ijumaa nilikuletea nawe zako. Ulikuwa unaonja moja, unafumba macho, unasema zimekolea. Dada, ulikuwa unafumba macho.

Jioni ile aliponiposa akaniomba jibu, nilikuja kukaa kitandani kwako. Ulikuwa unapinda ukingo wa shuka. Nilikuambia sina hakika, kwamba maneno matamu kila mwanamume anayo, lakini huyu ana lile kopo. Nilisema mtu anayekaa chini kukunja wontoni moja moja kwa ajili yangu hawezi kuniumiza. Wewe hukuinua hata macho. Ulisema, "Mkono unaokunja hivi, mdogo wangu, usiuache ukapita." Kesho yake nikamkubali.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Jumamosi ya wiki jana mama mkwe alikuwa anakuja kula kwetu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimejitapa kwenye simu kwamba mwanawe atatupikia wontoni. Alicheka mpaka akakohoa. "Huyu huyu? Huyu akichemsha maji yanaungua." Nilimtetea mume wangu kwa nguvu zangu zote. Nilimwambia mama mkwe kwamba hamjui mwanawe.

Asubuhi tulikwenda wawili sokoni tukanunua kamba na kaa. Nikamwambia safari hii sisubiri kuletewa, nataka kujifunza. Akasema hiyo ni siri ya jikoni. Nikamjibu kwamba mke hafichwi siri ya jikoni. Akavuta bakuli, akaanza kukanda.

Unga ulimganda mpaka viwikoni. Kamba aliwaosha, akawakatakata na maji yao yote, akachanganya na kaa, tangawizi na majani ya kitunguu, bakuli likawa kama lina uji. Nikauliza, hatuwakamui kwanza? Akasema maji yatakaukia humohumo. Ya kwanza ilimchanikia kiganjani. Ya pili aliifunga kama mtu anayefunga mzigo wa nguo chafu. Alipozitia kwenye mafuta zililipuka moja baada ya nyingine, mafuta yakaruka ukutani, yakaruka mpaka kwenye pazia lako, sisi wawili tumejikunyata nyuma ya mlango na mfuniko wa sufuria mbele yetu kama ngao.

Nilicheka, Dada. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani anababaika kwa sababu nimemsimamia.

Akanifuta unga puani, akasema, "Nenda kaoge, mpenzi wangu. Ukitoka utazikuta tayari." Nikaenda. Nilikuwa nimesahau taulo, nikarudi kulichukua. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya friza, mkono umezama mpaka begani nyuma ya mabonge ya barafu, anatoa mfuko wa plastiki. Akazimimina kwenye sinia. Zilikuwa wontoni mbichi, zimeganda, nyeupe, zote za ukubwa mmoja kama vifungo vya shati.

Nikafurahi. Nikasema, "Kumbe uliweka akiba?" Nikainama kuzitazama. Kingo hazikuwa zimeguswa na mafuta bado, na zile alama zilikuwa wazi kama mshono: mstari mmoja, pengo, mistari miwili. Mstari mmoja, pengo, mistari miwili. Kila moja, kuzunguka ukingo wote.

Sikuhitaji kuambiwa. Mimi na wewe tulikua tukigombana nani atapewa ule uma mbovu wa Mama mezani, maana hakuna aliyeutaka. Mama alibonyezea huo kila alichokifunga kwa unga, na jino la pili la uma huo lilivunjika kabla sijazaliwa. Hakuna ukucha duniani wenye pengo la namna ile. Nilisimama pale na kanga ya kuogea, maji hayajanigusa hata tone, nikahisi baridi.

Mlango ukagongwa. Mama mkwe alikuwa amewahi.

Basi nikavaa. Nikatabasamu, kazi niliyoizoea. Wontoni zikakaangwa, na hilo angalau nililiona kwa macho yangu: anajua kukaanga. Alichovya ncha ya mwiko kwenye mafuta, akangoja mapovu yauzunguke, akatia chache chache, akazigeuza mpaka zikawa rangi ya asali. Mama mkwe alikula ya kwanza, akatafuna polepole, akala ya pili. Kisha akamtazama mwanawe.

"Hizi si zako."

Mume wangu alinitazama mimi, halafu akatazama sahani. "Ni za shemeji, mama."

"Shemeji yupi?"

"Dada yake."

"Basi si ungemuoa shemeji."

Alicheka kwa wema, ni mtu wa utani yule, na alinipiga kofi la pajani ili nami nicheke. Nikacheka. Nikamsogezea sahani, nami nacheka.

Alipoondoka, mume wangu alikaa sakafuni akaeleza kila kitu, na hakujaribu kujisafisha. Wazo lilikuwa lako. Ulimwambia mdogo wako hashikiki kwa maneno, ila kwa tumbo anashikika. Mpishi wa hoteli ni wa kweli, lakini aliyefundishwa ni wewe uliyekuwa ukishona sare za wapishi wake. Ulizikunja Alhamisi nikiwa zamu ya jioni, naye akazichukua mbichi akazikaanga kwake. Kumbe ndiyo maana kila Alhamisi nilirudi nyumba inanukia tangawizi, nawe ukasema umechemsha chai ya kifua. Kile kifua nilichokuulizia hapo juu, leo sina hakika kama kiliwahi kuwepo.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kabla ya harusi. Akasema alitaka. Alikufuata akakuomba ruhusa, nawe ukamjibu, "Subiri kwanza niondoke."

Hapo ndipo niliposhindwa hata kulia. Kwa hiyo ulikuwa unajua unaondoka. Mimi uliniambia habari za kazi yako mpya baada ya harusi, umeshika mdomo kama mtu aliyeshangazwa na bahati. Kumbe ilikungoja tangu kabla ya kopo la kwanza, na wenye kazi walikuwa wamechoka kungoja. Mama alikuachia mimi, na hukuweza kuondoka ukaniacha peke yangu. Ukatafuta wa kunikabidhi. Ulipokuwa unanikunjia wontoni ulikuwa unafunga mizigo yako.

Kama ungeniambia, Dada, ningekukunjia nguo mimi mwenyewe nikazipanga sandukuni. Ningelia, sikatai, lakini ningekusindikiza. Ulininyima kukuaga kwa moyo mweupe. Na jioni ile kitandani nilikuuliza swali moja la maisha yangu, nikiwa nimekuwekea kichwa pajani, na ulichonijibu kilikuwa sifa ya mkono wako mwenyewe.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni ule uma. Siku unaondoka nilikuambia chukua chochote cha Mama, hata cherehani. Ukasema hutaki kitu, utachukua tu ule uma mbovu, kwa kuwa hauna kazi kwa mtu. Nililia begani kwako. Niliwasimulia watu kazini, daktari mwenyewe akavua miwani akafuta macho. Niliufunga kwenye skafu yako kwa mikono yangu. Kumbe nilikufungia ushahidi uondoke nao. Hukukumbuka tu kwamba umeacha mfuko mmoja ndani ya friza, akiba ya bwana harusi, ili nikimwomba apike asiumbuke.

Huyu mume wangu nilimnunia. Nilimlaza sebuleni, na kwa kuwa sebule ndiyo jiko na jiko ndiyo sebule, alilala kichwa chake karibu na mitungi. Asubuhi bado alinichemshia maji, akatia kiwiko. Nilitaka maji yawe mabaya. Yalikuwa mazuri.

Leo mchana ametoka sokoni peke yake na kamba wachache. Hakuniomba nitoke jikoni. Nilikaa kwenye kigoda nikamwelekeza kama Mama alivyofunga vyake, kwa ukali kidogo: wakamue kwenye kitambaa mpaka kitambaa kisidondoke, sukuma unga mpaka uone kivuli cha vidole chini yake, pakaa ute wa yai ukingoni, toa hewa kabla hujafunga. Alibonyeza kwa uma wa kawaida, wenye meno yake yote. Zilitoka kama masikio ya watu waliopigana. Nyingi zilipasuka. Moja ilibaki nzima, akaniletea kwenye kisahani cha chai, akasimama kungoja kama siku ile nje ya zahanati.

"Ikoje?"

"Imezidi chumvi."

"Nitapunguza."

Niliimaliza yote, na nikamrudisha kitandani kwake. Mkono wake sasa nimeuona, ni mbovu, lakini ni wake, na najua nimeshika nini. Nampenda, Dada. Nampenda mpaka naona haya kuliandika. Mkono wako ndio sijui tena ulikuwa umeshika nini uliponishika mimi. Najaribu kukumbuka utoto wetu wote na kila mahali nakuta alama za ule uma, na sijui ipi ilikuwa ya upendo na ipi ilikuwa ya kufunga tu ili kisimwagike.

Siombi maelezo kwa barua. Unashona vizuri mno, hata maneno utayapinda yakapendeza. Wontoni zako zilizobaki sijazitupa. Nimezirudisha nyuma ya barafu, na mume wangu amekatazwa kuzigusa. Naomba uma wa Mama urudi nyumbani. Usiutume kwa posta, wala usimpe msafiri. Ulete mwenyewe, ukae kwenye kigoda changu, nikukaangie zako na zetu kwenye sahani moja, na uniangalie usoni nikila. Ukitaka kufumba macho, hutafumba.

Nisalimie sana Mama Mdogo, mwambie dawa ya kuchua miguu nitamtafutia. Msalimie na yule binti yake wa mwisho mwenye maneno mengi. Mama mkwe anakusalimu, anasema mikono yako haina mfano na anangoja mwaliko. Mume wangu anakusalimu pia, ila anaogopa kuliandika jina lake hapa chini. Mungu akutunze huko ugenini, akupe usingizi mzuri, na kama kifua ni cha kweli, akiponye.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo, siku ambayo nilikuwa nimeazimia kutokupenda.

Tena, nilitaka kusahau: lile friji letu la nyumbani, siku ulipomwita aje alitengeneze, kweli lilikuwa limeharibika?