Upande wa Jicho la Kulia

Jumapili, 6 Julai

Kope leo zilikuwa nyingi. Jicho la kulia, kama kawaida. Mpwa wangu Mwendwa amening'olea baada ya ibada, hapo hapo kibarazani, kwa kibano cha bibi. Bibi yangu wa Mlali alikivaa shingoni kama pambo, akafa nacho bila kumjua daktari. Kwetu kope kugeukia ndani si ugonjwa. Ni ukoo.

Akishika kibano mimi nasimulia, ndipo natulia. Leo nimempa ile ya simba aliyelala chini ya lori langu Mikumi, nikapiga honi asubuhi akaniamkia shikamoo. Amecheka. Mkono haukuteleza. Fundi cherehani huyo. Marehemu dada aliniachia dhahabu. Gauni lake la harusi anashona mwenyewe.

Na harusi ndiyo imeniletea mambo. Siku ya posa baba mkwe wake, Mzee Mhawi, mstaafu, alisema yeye na gofu, gofu na yeye. Nikasema hata mimi. Nikaongeza Mzungu wa Iringa niliyemshinda mpaka akavua viatu akanipa. Mzungu alikuwepo. Viatu vilikuwepo. Gofu haikuwepo. Sasa ameniita tucheze Jumamosi ya tarehe 26, halafu wazee wakae kuongea mahari. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwenye ndoa. Mjomba akichekwa, binti anaingia ukweni kichwa chini.

Jumanne, 8 Julai

Somo la kwanza. Uwanja uko nje ya Nkuhungu, majani makavu na vumbi, na kuzunguka shimo wamemwaga mchanga uliolainishwa kwa oili chafu. Kocha anaitwa Zaina, binti wa Kondoa, mfupi, sauti ya kamanda. Nimemwambia nakumbushia tu. Ameniangalia nilivyoshika fimbo, akanipanga vidole upya.

Kushika ni kama titi la ng'ombe. Ukikaza hatoi, ukilegeza unapigwa teke. Hilo nimelielewa upesi kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kumpata, hakusema lakini nilimwona.

La pili hilo analirudia mpaka linachosha. Kabla hujainua fimbo, geuza shingo, angalia kulia na nyuma. "Fimbo haina ndugu, mzee." Mimi niliyerudisha lori kinyumenyume kwenye mlima Kitonga bila kioo nafundishwa kuangalia nyuma.

Alhamisi, 10 Julai

Mipira kumi imepotea. Naipiga, naisikia, siioni. Upepo huu wa Dodoma unainua vumbi mpaka jua linakuwa la kahawia. Ni vumbi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimempiga mbuzi.

Mbuzi walikuwa wanakatiza uwanja. Nimeangalia mbele, hakuna kitu, nimepiga kwa nguvu zote, mpira ukakata kulia. Nikasikia mlio. Mguu wa mbele umevunjika. Kocha amekuja mbio, akauliza, "Hukumwona, mzee?" Nikamwambia nilimwona. Nilimlenga. Watu wakacheka, mwenye mbuzi naye akacheka baadaye tulipoelewana, na jioni Makole nzima ina habari ya mtu anayeangusha mbuzi kwa mpira mmoja. Nimeisimulia mara nne. Mara ya nne mbuzi alikuwa anakimbia.

Sikumwona. Alikuwa mweupe, mkubwa, mchana kweupe, na sikumwona.

Kocha hakucheka.

Jumapili, 13 Julai

Mwendwa aling'oa, akaacha, akaweka kiganja chake kwenye jicho langu la kushoto. Akauliza, "Mjomba, nimevaa rangi gani?" Nikasema bluu. Nilikumbuka tu kanisani. Alikuwa ameshabadilisha.

Hakung'oa tena. Amekifunga kibano kwenye leso. Kunguru wamekaa juu ya bati wanatembea, kwaru kwaru, kama watu wenye viatu. Sikuipenda Jumapili hii.

Alhamisi, 17 Julai

Amenipeleka kwa nesi wa macho. Nimekwenda ili anyamaze. Nesi kakunja kope, kamulika, kauliza nani amekuwa anang'oa. Eti kila ukizing'oa zinarudi ngumu zaidi, zinakwaruza mboni. Eti kovu limeshaingia. Lazima kope ipasuliwe, igeuzwe nje, kazi ndogo, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo na bandeji. Daktari wa kazi hiyo yupo wiki hii tu. Akiondoka, mpaka Septemba.

Bandeji. Tarehe 26 nisimame mbele ya Mzee Mhawi nimefungwa jicho kama haramia. Nimesema Septemba.

Mwendwa alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani akasema, "Mjomba, mimi gofu sikukuomba." Akaingia ndani. Cherehani imelia mpaka giza.

Jumanne, 22 Julai

Kocha kaniweka pembeni. Mchezo wangu umekua, hilo kalikiri mwenyewe. Napiga mbele, mpira unaruka. Halafu kaokota jiwe, akasimama kulia kwangu, akalichezesha. Akauliza ameshika nini. Nikasema unajua mwenyewe, mimi si mganga.

Kasema kama ni yeye asingenipeleka uwanjani Jumamosi. Kama lazima niende, nigeuze shingo yote, mpaka jicho la kushoto lione nyuma. Kila mara. Hata wakinicheka. Amenishika mkono aliposema, na binti huyu si mtu wa kushikana mikono.

Nimeota mbuzi. Alikuwa amekaa sebuleni kwangu, kimya, anangoja kukaribishwa.

Ijumaa, 25 Julai

Jicho linatiririka. Mwendwa alitaka kung'oa leo, nikakataa, jicho litavimba, wakwe wataona. Amesema basi atakuja kesho na kibano kwenye leso, nikizidiwa tutajificha kwenye gari. Nimesema usije. Amesema anakuja, na Eliya mchumba wake anakuja, na mama mkwe anakuja na chapati.

Gauni limebaki mikono tu. Limetundikwa mlangoni. Nikipita gizani linanishtua, kama mtu.

Jumamosi, 26 Julai

Nitaandika upesi.

Mashimo mawili ya kwanza nilicheza vizuri. Vizuri kweli, si hadithi. Mzee Mhawi akasema, "Mkwe, sasa namwamini yule Mzungu." Watu wakacheka kwa wema. Nikajiona mrefu.

Shimo la tatu kope zikaniingia kama miiba. Nikafuta kwa bega. Mzee Mhawi yuko mbele yangu, mikono nyuma, ananitazama. Kugeuza shingo mpaka nyuma ni mambo ya mwanafunzi. Sikugeuza. Nikainua kwa kasi, kama mtu aliyezaliwa na fimbo.

Mwendwa alikuwa ameniona nafuta jicho. Alikuwa anakuja na leso. Upande wa kulia.

Fimbo iligonga kitu kabla haijafika juu. Nikadhani ni tawi. Hakuna mti pale.

Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, akashika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kibano kikaangukia mchangani. Mkono ulikuwa na kona mahali ambapo hauna kona.

Jumapili, 27 Julai

Mfupa umevunjika mahali pawili, na vidole viwili havisikii. Daktari wa mifupa anasema tungoje tuone. Kama ataweza kushona tena, daktari hajui.

Hakuna kope iliyong'olewa leo.

Jumamosi, 2 Agosti

Wakwe wamekuja kumpa pole. Walileta mchele na kuku. Mama mkwe aliuliza mara mbili kama vidole vitarudi. Eliya alikaa karibu naye akamlisha, mbele ya wazee, hakuona haya. Kijana mzuri. Harusi imesogezwa mpaka bandeji ngumu itoke.

Wakati wa kuondoka Mzee Mhawi alinisindikiza mimi, mgeni akamsindikiza mwenyeji, mpaka kwenye lango langu mwenyewe. Akasema kwa upole sana, "Siku ya mahari, mkwe, wewe pumzika. Kaka yako mkubwa akae pale." Nikasema sawa. Majirani walikuwa wanauliza habari za gofu. Nikapita.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Jicho limejifunga. Nilikaa kibarazani nikisikiliza upepo.

Mwendwa alirudi kutoka ibadani, akaingia ndani, akatoka na kiti na kibano. Amekiosha. Mkono wa kulia umening'inia shingoni kwa kitenge. Nikamwambia acha, mama, Septemba iko karibu. Akavuta kiti.

Anang'oa kwa mkono wa kushoto. Alikosa, akanibana ngozi, akasema samahani mjomba. Yeye ndiye aliyesema samahani.

Akakiinua tena kibano. Halafu akasema, "Simulia basi, utatikisika."

Nilitafuta. Simba, lori, Mzungu, vyote. Hakuna kilichokuja.

Nikashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, nikatulia.