Kitako cha Bunduki Yako Kimekuwa Kuni

Baba yangu uliyelala nyumbani Bungoma,

Ni mimi, Nekesa. Nimengoja wiki kadhaa nikitumaini kinyaa kitanitoka ndipo nikuandikie kwa adabu, kama ulivyotufunza. Hakijatoka. Basi nakuandikia nacho. Na barua yenyewe naiacha wazi, aisome atakaye, kwa sababu mwanao Simiyu naye alilianika jambo lako wazi bila kukuomba ruhusa.

Unazikumbuka Jumamosi zetu pale Woodley, Nairobi? Ukimaliza chai ulifungua kabati la chuma, ukaitoa ile bunduki, ukahakikisha haina risasi, kisha ukaketi nayo barazani. Bunduki kuukuu ya kijeshi, yenye umri unaokuzidi wewe, iliyopitia mabegani mwa askari tusiowajua kabla haijafika idara ya wanyamapori ulikofanya kazi. Chuma chake ulikipangusa tu. Kilichokushughulisha ni mti wake, kile kitako kinachokaa begani, na ubao uliotoka hapo ukaubeba mtutu hadi mbele. Uliupaka mafuta ya kitani kwa kipande cha shati lako la zamani, polepole, mpaka ukang'aa rangi ya chai ya rangi. Nyumba nzima ilinukia mafuta hayo. Mama alizoea kusema, "Mke mwenzangu ameogeshwa tena leo," nawe ukacheka bila kuinua kichwa.

Sikuwahi kukuona ukiipiga. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuuliza kwa nini mtu atunze bunduki namna hiyo na asiitumie. Ulikiweka chini kile kitambaa cha mafuta. Ndipo ukaniambia. Kabla sijazaliwa, mkiwa doria kule Tsavo, magharibi inaingia, uliona mtu mwenye upinde, kitu kikubwa kikiwa begani mwake. Ukampigia kelele asimame. Akakimbia. Ukafyatua.

"Paa, Nekesa," ukaniambia. "Alikuwa amebeba paa mmoja. Kitoweo cha watoto."

Miaka mingi baadaye idara ilipozitoa zile bunduki za zamani na kuwauzia wenye leseni, wewe uliitafuta ile ile kwa namba yake ukainunua. Nilidhani ni mapenzi. Ukanisahihisha: "Niliinunua ili isilie tena. Ikienda kwa mwingine, italia."

Mwezi wa nane uliofuata mazungumzo hayo ulinichukua nikamwone mjane wa yule mtu. Mama Kioko. Njiani ulinieleza kwamba mara ya kwanza ulipokwenda kwake alikuona, akaingia ndani, akafunga mlango, na ukakaa nje juani hadi jioni ukaondoka. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu alikuletea maji, hakusema neno. Nilipofika mimi mlikuwa mmeshakuwa watu wa kusalimiana. Paa la nyumba yake wewe ndiye uliyeliezeka. Mwanawe Kioko, aliyekuwa mtoto wa mgongoni siku ulipomwua baba yake, wewe ndiye uliyempeleka kujifunza kuchomelea vyuma. Hukuniambia mmesameheana. Nami sikuuliza. Lakini Mama Kioko alikuja kukuzika, Baba. Alisafiri peke yake kutoka Ukambani hadi Bungoma, akaomba kusema, akasimama. Alisema, "Huyu ndiye aliyeniachia ujane. Na ndiye pekee ambaye hakunikimbia." Akaketi.

Simiyu alikuwa pale. Alikuwa amesimama karibu nami. Nataka ulikumbuke hilo ninapoendelea.

Ulipofariki bunduki ilikaa kituo cha polisi, kama sheria inavyotaka. Simiyu akaomba leseni. Amejiunga na watu wa kulenga shabaha, ana kabati la chuma, karatasi zake ziko sawa. Alikuja Woodley akapiga magoti mbele ya Mama. "Mama, nitaiweka vile Mzee aliiweka." Mama akakubali, nami nikakubali. Ni mtoto wako wa kiume, na ombi lake lilisikika kama ombi la mtoto anayemlilia baba.

Kisha akatualika kwake Lavington, Jumapili baada ya kanisa. Alisema ana jambo la kutuonyesha. Tulikuta marafiki zake wamejaa bustanini, miwani myeusi, muziki, mbuzi mzima kwenye moto. Mama aliwekewa kiti karibu na jiko kwa sababu ya baridi ya miguu yake. Tukaletewa nyama kwenye ubao, na kachumbari, tukala. Nilisikia harufu fulani katika ule moshi, Baba. Nilisikia Jumamosi. Nilijiambia, ni kwamba umemkumbuka baba yako, Nekesa, kula. Nikala.

Ndipo Simiyu akatoka ndani ameishika mkononi, wenzake wakapiga makofi.

Sikuijua. Nilitazama kile kitu nikatafuta bunduki yako ndani yake. Mtutu ulikuwa ule ule, lakini ulikuwa umevikwa mfupa mweusi wa plastiki na alumini, umetobolewa matundu kila upande, una mkono wa kushikia kama wa mashine ya kutobolea ukuta, una kibao cha shavu cha kupandisha na kushusha kwa vifundo. Chini ulikuwa na miguu miwili ya kukunja, juu ukabebeshwa darubini nene kama chupa ya maziwa. Ilikuwa kama kumwona mzee wa kanisa amevalishwa suruali ya kubana kwa nguvu.

"Mzee angeona hii!" Simiyu akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa mnyama wa kale. Sasa hivi ni mashine."

Mama aliigusa kwa kidole kimoja. "Hii ni nini?"

"Ni ile ya Mzee, Mama."

"Hapana," Mama akasema. "Hii si ya mzee."

Watu wakacheka, wakidhani ni uzee. Mimi nikauliza, "Na mti wake uko wapi?"

"Ile mbao? Fundi kule town aliitoa yote, hii mpya haiingii juu yake. Akanirudishia kwa gunia." Akaonyesha jiko kwa kidevu, anacheka. "Imeshika moto vizuri sana. Nyama si imekuwa tamu? Ni ile mafuta ya Mzee."

Nilikuwa na kipande mdomoni. Nilikwenda nyuma ya nyumba, penye mapipa ya taka, nikatapika mpaka nikabaki natema nyongo. Na ile harufu ikaendelea kunifuata huko huko. Bega lako lilikaa kwenye mti ule. Shavu lako. Jasho la siku ile ya Tsavo lilikuwa ndani yake, na miaka yote ya kuusugua kana kwamba utatoka. Mwanao akautia jikoni, akatulisha, akamweka mama yake karibu aote moto wake.

Nilimshika Mama mkono tukaondoka. Kwenye gari alisema neno moja tu: "Nimekula." Akalirudia tulipofika Woodley.

Ningekuwa nimeandika barua hii usiku huo, ingeishia hapo. Lakini hakuishia hapo yeye. Kesho yake aliweka video mtandaoni. Anaonekana anaifungua ile bunduki, anailenga ukutani, ngoma inalia nyuma, na sauti yake inasema: "Hii ya mzee wangu ilikula jangili Tsavo. Sasa imezaliwa upya." Watu wakaipenda. Wakaandika vicheko na picha za moto.

Kioko ndiye aliyenipigia. Ana kibanda chake cha kuchomelea Kangemi, anatengeneza mageti na madirisha. Sauti yake ilikuwa ya upole kama kawaida.

"Dada Nekesa, umeona hiyo kitu?"

Nikamwambia nimeona.

"Mimi sina shida na bunduki. Mzee aliniambia yeye mwenyewe anayo, na kwa nini. Shida yangu ni ule muziki." Akazima mashine yake. "Huyo anaitwa jangili ni babangu. Mama bado hajaona, lakini wajukuu wana simu."

Nikamwuliza anataka nifanye nini. Akasema, "Nipeleke kwake. Nimwone tu."

Tulikutana mjini siku iliyofuata. Kioko alikuwa amevaa koti la kanisani, na vidole vyake vina zile alama za cheche. Ofisi ya Simiyu iko ghorofani karibu na Moi Avenue, anakouza viwanja. Alipotuona alinikumbatia, akadhani nimekuja kumaliza ugomvi, na akamshika Kioko mkono bila kumwuliza jina.

"Niaje, mkubwa. Umeletwa na sista kuona ile mashine? Haiko hapa, iko kwa safe nyumbani, lakini hebu cheki."

Na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshatoa simu. Sikumzuia. Nilitaka nimwone akifika mwisho. Akamchezea Kioko video yote, muziki na kila kitu, na kwa vile mgeni alikuwa anasikiliza kwa makini, akamwongezea chumvi: kwamba jangili alikuwa na meno ya ndovu, kwamba alikuwa amemlenga Mzee kwanza, kwamba Mzee alimwangusha mbali sana kwa risasi moja.

Kioko alimrudishia simu kwa mikono miwili.

"Alikuwa na paa," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nile. Naitwa Kioko."

Nimemjua Simiyu tangu alipokuwa anatambaa, na sijawahi kumwona akilaza simu kifudifudi mezani. Aliilaza. Akaketi, akasimama tena. Nilisema moyoni, haya, sasa atarudi kuwa mtoto wa baba yake. Nakuapia Baba, nilimngoja. Nilitaka sana aseme pole tu, kisha anyamaze.

"Pole, bro. Pole sana kabisa," akasema. Kisha nikaona macho yake yakianza kuhesabu, kama yanavyofanya akiona mteja. "Lakini unajua nini? Hii ni stori kubwa. Mimi na wewe, watoto wa hawa wazee wawili, tukae pamoja na hiyo bunduki hapo katikati. Maridhiano. Watu watalia. Hiyo kitu itaenda mbali sana."

Kinyaa cha nyama kilikuwa cha tumbo. Hiki kilinipanda hadi kwenye meno. Nilimwangalia ndugu yangu nikaona kwamba angekuwepo mlangoni kwa Mama Kioko miaka ile, angempiga picha akifunga mlango.

Kioko hakupandisha sauti. "Baba yako alikuja kwetu bila kamera," akasema. "Alikaa juani. Hakuna mtu alijua." Akanigeukia: "Twende, dada."

Mama nilimweleza jioni hiyo. Hakulia. Aliniambia nimpigie Simiyu, akaishika simu mbali na sikio kama anavyofanya siku zote, akamwambia: "Mimi niliyekukubalia sasa nimekataa. Ile kitu iende polisi wakaiyeyushe. Mpaka iende, mlango wangu huujui." Simiyu akaanza kueleza leseni ni yake, gharama ni zake. Mama akamwachia simu hewani, akaenda kukoroga uji.

Simiyu alijikaza kwa majuma mawili. Sijui kilichomshinda ni nini. Labda ni kwamba alikuja Woodley mara mbili na Mama hakufungua. Mwisho alinitumia ujumbe: nimekubali, njoo uwe shahidi. Video ilikuwa tayari imeondolewa, ingawa nasikia ilishasambaa na haiwezi kukusanywa tena. Mama Kioko aliambiwa na mwanawe mwenyewe, kabla ya simu kumwambia. Nilimpigia baadaye kuomba radhi. Alinisikiliza, akaniuliza Mama anaendeleaje na miguu, na hakutaja mengine. Sijui alichofanya alipokata simu.

Kituoni Simiyu alifungua begi juu ya kaunta, na hata hapo, Baba, alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameshaifungua skrubu zote. Ile plastiki yake, na darubini, na miguu ya kukunja, ameviacha nyumbani, kwa kuwa ni vya bei na ataviuza. Kwenye kaunta aliweka chuma kitupu kimefungwa taulo. Askari akakigeuza huku na huku.

"Na pa kushikia?" akauliza.

"Hakuna," Simiyu akasema.

Nilikasirika, kisha nikakitazama vizuri. Kilikuwa kirefu, chembamba, kimelala pale kama bomba lililong'olewa. Hakikuwa na mahali pa bega wala pa shavu. Hata angekuja mwenye hamu ya namna gani, asingeweza kukielekeza kwa mtu. Askari akakibandika kibandiko cha namba, akakipeleka ndani, na mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake.

Haitalia tena, Baba. Hakuna aliyefanya hivyo kwa mapenzi, isipokuwa Mama. Lakini haitalia.

Na Simiyu hatujazungumza tangu siku hiyo. Usiniombe bado. Najua ungekwenda ukaketi nje ya mlango wake hadi afungue, maana ndivyo ulivyokuwa, na mimi sina moyo wa ukubwa huo, angalau si mwaka huu. Nyama ya kuchoma pia siili.

Pumzika. Mama anakusalimu, anasema kabati la chuma amelitia mahindi.

Ni mimi binti yako mkubwa,
Nekesa, dada wa Simiyu hata nikikataa.