Masale ya Kichwani kwa Neema

Kwamkoro, msimu wa vuli

Mke wangu, Mama Yohana,

Naomba barua hii ikukute umekula na umelala. Usinijibu kwamba hujambo kama unaumwa na moyo. Mimi mwili ni mzima, kazi ya kulinda msitu naendelea nayo, ila tangu mwalimu aniandikie kwa niaba yako, chakula hakipiti.

Basi wameng'oa uzio wote wa masale? Hata yale mawili tuliyompandia kichwani pa kaburi binti yetu Neema, aliyetuacha hata hajaota jino? Unasema ulikwenda sokoni Soni, ukarudi ukakuta mashamba yote yamekuwa moja la kijiji, limelimwa mpaka mtoni. Na mwenyekiti akakujibu, "Pole mama, hatukujua. Hapakuwa na msalaba." Kweli hakujua. Lakini zamani nani aligusa sale la mtu? Aliyeng'oa sale la mpaka alitozwa mbuzi, na haya ikabaki naye.

Juzi nimemkamata mzee mmoja aliyekata mti bila kibali. Alinililia njia nzima mpaka kwa bwana miti, na sasa kesi yake iko mahakamani. Huku mti una sheria, mbega naye ana sheria, nami nalipwa kuwalinda. Mwanangu alikuwa na masale mawili tu, na sikuwepo. Hilo linanichoma, Mama Yohana.

Ujamaa siukatai. Tulime pamoja, tule pamoja. Lakini wangeuliza kwanza.

Unaniuliza kama napakumbuka mahali penyewe. Nimejaribu mpaka kichwa kimeuma. Nilikuwa napapima kwa uzio, na uzio haupo. Kama unaogopa kumkanyaga, usilime upande ule. Mwombe mama akushikie zamu.

Unakumbuka siku ya kuondoka nilikata kipande cha sale lake nikakifunga kwenye shuka? Nilikipanda hapa mlangoni, sasa kinanifika kifuani. Nimeomba ruhusa, na nikiipata nitakuja nacho. Ila kila jioni nakitazama na kujiuliza tutakipanda wapi.

Mama mpe shikamoo yangu. Mdogo wangu Daudi mwambie asigombane na mwenyekiti, hakitarudi kitu. Yohana mshike kichwa kwa ajili yangu.

Ni mimi mumeo,
Baba Yohana na Neema